Choo cha mboji kinanuka, nifanyeje?

Wadau, nina mabanda manne ya wageni Jambiani, Zanzibar. Choo cha mboji (kisicho na maji, kinyesi huoza kuwa mbolea) kinanuka tangu masika yaanze; jana nimemhamisha mgeni. Maranda ya kufunikia tunamwaga kopo kila mtu akimaliza. Nimekosea wapi?

— Hayo maranda ni makavu kweli? Masika hulowana hata ndani ya gunia. Yaanike, tia na majivu kidogo. Bomba la hewa lipake rangi nyeusi, jua lilichemshe, harufu ipande juu.

— Kaka, vuka hadi hoteli ya kisiwa cha Chumbe ukajionee. Mabanda saba, vyoo vya mboji vitupu, maji ya mvua yanavunwa paani na kuwekwa chini ya sakafu.

Nimepanda ngazi kuangalia bomba. Nyigu wamejenga, limeziba kabisa! Na maranda ukiyakamua yanatoa maji. Aibu yangu.