Weusi wanahamia pembezoni mwa miji ya Marekani: kwa nini shule bado zinatengana kwa rangi?

Mwanafunzi, Katuba (Lubumbashi):
Salamu ndugu zangu. Utengano wa kikoloni naufahamu, kwani wazee wetu wametueleza habari za ukanda mtupu uliotenga mji wa Wazungu na mtaa wa Waafrika hapa kwetu. Kinachonitatiza ni Marekani, ambako Mahakama Kuu ilipiga marufuku shule za ubaguzi mwaka 1954, na leo familia nyingi za Weusi zinaishi katika vitongoji vya nje vilivyokuwa vya Wazungu. Mbona watoto hawajachanganyika?

Mwalimu mstaafu, Kamalondo:
Mwanangu, angalia mipaka ya wilaya za shule, yaani maeneo ambayo kila moja huendesha shule zake yenyewe. Mwaka 1974, katika kesi ya Milliken iliyohusu Detroit, majaji watano dhidi ya wanne wa Mahakama Kuu waliamua kwamba wilaya za pembezoni haziwezi kuingizwa katika mpango wa kuchanganya wanafunzi wa mji ikiwa haikuthibitishwa kwamba nazo zilishiriki katika ubaguzi. Tangu hapo, aliyetaka kumwepusha mwanawe na shule iliyochanganyika alihitaji tu kununua nyumba ng'ambo ya mpaka. Na kwa kuwa sehemu kubwa ya fedha za shule hutoka katika kodi ya nyumba na viwanja, aliyehama aliondoka na kodi yake.

Mama Mzazi, komini ya Kenya (hapa Lubumbashi):
Ferguson, karibu na St. Louis, ni mfano mzuri: mwaka 1990 karibu robo tatu ya wakazi walikuwa Wazungu, kufikia 2010 thuluthi mbili walikuwa Weusi. Kitongoji kama hicho huonekana kimechanganyika kwenye sensa moja au mbili tu, wakati wengine wanaingia na wengine wanatoka.

Msomaji, Kampemba:
Nakubaliana na Mwalimu, ila mpaka mpana pekee hautoshi. Louisville, katika jimbo la Kentucky, iliunganisha shule za mji na za kaunti kuwa wilaya moja mwaka 1975, na kwa miaka mingi watoto walisafirishwa kwa mabasi ili wachanganyike. Lakini mwaka 2007 Mahakama Kuu iliukataa mpango wake wa kumpangia mtoto shule kwa kuangalia rangi yake.

Mwalimu mstaafu, Kamalondo:
Ni kweli, Ndugu Msomaji, lakini hata hivyo Louisville ilibaki na njia ambayo Detroit ilinyimwa: iliendelea kuchanganya wanafunzi kwa kuzingatia mtaa wanakotoka, kipato na elimu ya watu wazima wa hapo, kwa sababu mitaa yote imo ndani ya wilaya moja.