Naomba ushauri: nyimbo zote za usiku, albamu inapooza katikati

Wakuu habari zenu. Naomba msaada kwa wazoefu wa jazi na wa studio.

Naandaa albamu ya kuimba kwa mtindo wa miaka ya 1950: nyimbo kumi, zote zinahusu mtu aliyekosa usingizi. Tupo wanne: mimi, piano, gitaa na besi la kusimama. Kioo changu ni ile ya Frank Sinatra ya 1955, In the Wee Small Hours. Ina nyimbo 16, karibu zote za taratibu, na bado haichoshi! Nelson Riddle, aliyepanga muziki wake, anakuletea fidla nyingi, kisha anazitoa unabaki na bendi ndogo na selesta (kinanda chenye sauti kama vikengele) ikidondoka kama matone.

Sisi hatuna fidla. Tukisikiliza demo mfululizo, kufika wimbo wa tano masikio yamechoka. Wa tano na wa sita zote zinaanza na piano peke yake, nami naingia kwa pumzi ileile. Tumebadilisha funguo (key) za nyimbo na kupanga upya mara tatu. Nafuu ni ndogo. Kuongeza wimbo wa kuchangamka sitaki kabisa, utavunja huo usiku.

Maswali yangu:

1. Kwa vyombo vitatu tu, mngetofautisha vipi nyimbo za mwendo mmoja? Nimewaza mmoja niimbe na besi tu.

2. Ili tupate sauti ya kizamani, turekodi pamoja chumba kimoja kwa maikrofoni moja, au kila mtu na yake?

Studio tunaingia wiki ijayo. Natanguliza shukrani.