Tupeane uzoefu: siku za mwanzo za akselereta ya kampuni changa hapa Uganda

Wakuu, habari za kazi. Tuko mbioni kufungua akselereta ndogo Mbarara, yaani programu ya muda mfupi ya kusaidia kampuni changa zikue haraka, kwa vijana wenye kampuni hizo. Wengi wao ni Wakongomani na Warundi wanaoishi Nakivale, makazi ya wakimbizi, na lugha inayotuunganisha ni Kiswahili. Naomba mliokuwepo programu za namna hii zilipoanza Kampala mtusimulie ilikuwaje, hasa miezi ile ambayo hakuna anayekujua na wafadhili hawapokei simu.

Mfano unaotajwa kila mahali ni Y Combinator, akselereta ya Marekani iliyoanzishwa 2005 kule Cambridge, Massachusetts, na Paul Graham, Jessica Livingston, Robert Morris na Trevor Blackwell. Kundi la kwanza lilikuwa na kampuni 8, Reddit ikiwemo. Kilichonigusa ni kwamba kuzichukua zote kwa mpigo kulitokana na waanzilishi kutaka kujifunza uwekezaji haraka. Faida ya vijana kuwa pamoja, na kula pamoja kila Jumanne jioni, waliiona baadaye. Kwetu Kampala, kwa upande wa vituo vya kulea kampuni changa, Hive Colab ilifunguliwa 2010, Outbox 2012, kisha The Innovation Village. Karibuni mseme.

DadaWaKamwokya:
Nilikuwa mapokezi kwenye mojawapo ya sehemu hizo za mwanzo. Mkuu, nikwambie ukweli, watu hawakuja kwa ajili ya mafunzo. Walikuja kwa intaneti na stima. Bando lilikuwa ghali, na mitaani stima ilikatika sana. Asubuhi walioishiwa chaji waliwahi viti vya ukutani kwenye soketi, wenye betri nzuri wakakaa katikati. Ikikatika, mlinzi anawasha jenereta, sisi tunachanga petroli. Pale kwenye viti vya ukutani ndipo kijana wa hesabu alipokutana na binti wa kuchora kurasa, wakaanza kusaidiana. Meneja wetu alikaa akiwaangalia wiki nzima, kisha akaweka ratiba: Alhamisi jioni kila mmoja aeleze amemuuzia nani wiki hiyo. Hiyo ndiyo ikawa programu yenyewe. Wakufunzi wa kutoka nje walikuja baadaye sana.

Kwa hiyo usianze na silabasi. Anza na chumba kizuri, stima ya uhakika na siku moja ya wiki isiyoahirishwa.

Maziwa_Kiruhura:
Mimi nilipita kundi la kwanza la programu moja Kampala. Tulikuwa watatu, tunatengeneza programu ya simu ya kurekodi maziwa ya wafugaji. Mshauri wetu, mama mmoja aliyewahi kufanya biashara ya maziwa, hakutaka kuona kompyuta. Akatutuma kituo cha kupozea maziwa Kiruhura, tusimame pale kuanzia alfajiri, tusiseme kitu.

Wafugaji wanafika na makopo ya alumini kwenye bodaboda. Mpokeaji anatumbukiza laktomita kuangalia kama yametiwa maji, anapima lita, anaandika kwenye daftari, halafu anaandika tena kwenye kadi ya mfugaji. Mikono yake imelowa muda wote. Nani atagusa kioo cha simu kwa mikono ile? Tena foleni haimngoji. Ugomvi wenyewe unatokea mwisho wa mwezi, kadi na daftari vikitofautiana. Tuliporudi tukaacha simu ya mpokeaji, tukaanza na meseji ya kawaida inayomfikia mfugaji kila jioni: leo umeleta lita kadhaa. Karani ndiye anayeingiza hesabu, tena akiwa amekaa, mikono mikavu.

Sasa lile jambo la siku ya maonyesho, siku ya mwisho wa programu ambapo kila kampuni inajieleza mbele ya wageni. Marekani siku hiyo ukumbi unajaa wawekezaji. Kampala wakati ule ungewapata wapi? Waandaaji wetu wakafanya jambo ambalo nawashukuru mpaka leo: waliwaalika wanunuzi. Viongozi wa ushirika, wenye maduka ya dawa, wakuu wa shule. Kila kampuni ilisimama mbele ya mtu anayeweza kulipa wiki ijayo. Ushirika mmoja ulitulipa kwa mobile money siku ya tatu. Shilingi zenyewe hazikuwa nyingi, ila kuanzia hapo hatukuomba tena ruzuku. Nakusihi sana mkuu, fanya hivyo Mbarara.

Wakili_Wandegeya:
Niongeze la hisa, yaani sehemu ya umiliki ambayo akselereta huchukua kwenye kampuni inayoisaidia, kwa kifupi. Msichukue hisa kwa kampuni ambayo haijasajiliwa URSB, ofisi ya serikali ya kusajili kampuni. Sheria ya Kampuni ya 2012 inaruhusu hata kampuni ya mtu mmoja, kwa hiyo hakuna sababu ya kumlazimisha kijana atafute mwenza wa kujazia fomu. Na waandikishane mgao wao kabla pesa haijaingia.

Mukongomani_wa_Nakivale:
Asante sana ndugu kwa kutukumbuka. Sheria ya Wakimbizi ya 2006 inaturuhusu kufanya kazi na biashara, tatizo linaanzia kwenye fomu. Nimejaza fomu za programu kadhaa, zote za Kiingereza, na kila mara walioitwa ni wenye Kiingereza kizuri. Jirani yangu anashona mikoba na kuiuza mpaka Kampala, ana wasichana wanne anaowalipa, na hajawahi kupita hatua ya kwanza. Mkitaka kuchagua, njooni muone daftari lake la mauzo. Na nauli muifikirie mapema, maana kutoka huku hadi Mbarara na kurudi ni pesa ya mtaji kwa mtu.

Mleta mada:
Nimesoma yote, Mungu awabariki. Usaili tutaufanya Nakivale kwenyewe, kwa Kiswahili, na fomu itaanza na swali moja: nani amekulipa mwezi huu, na kwa kitu gani? Nauli itaingia kwenye bajeti kabla ya malipo ya wakufunzi. Maziwa_Kiruhura, naomba unisaidie kuwafikia watu wa ushirika kwa ajili ya ile siku ya wanunuzi. Na kama kuna aliyewahi kuendesha programu nje ya Kampala, Gulu, Arua au Busia, aendelee hapa.