Acheni kutubambikia gia za umeme! Wauza baiskeli za mbio Dar, haya ndiyo msiyotuambia

Wakuu, salaam.

Nimenyamaza vya kutosha. Siku hizi ukitafuta baiskeli ya mbio ya daraja la juu hapa Dar, iwe mpya au mtumba wa Ulaya, wimbo ni ule ule: "Bosi, chukua ya umeme, za waya zimepitwa." Wanamaanisha gia zinazosogezwa na mota na betri badala ya waya wa kuvuta, si baiskeli yenye injini. Ukiuliza chaja iko wapi, muuzaji anaangalia pembeni. Ukiuliza frihabu ya gurudumu la nyuma, ile sehemu inayobeba kaseti (rundo la meno ya nyuma), ni ya aina gani, anakujibu zote zinaingiliana. Haziingiliani! Na anayejibiwa hivyo ametoa mamilioni. Mwingine kakopa saccos ya kazini, mwingine kauza pikipiki.

Kilichonichefua kabisa ni yaliyomkuta dogo mmoja tunayeendesha naye wikiendi. Alianguka upande wa Kigamboni, njia ya Kibada, kwenye kona iliyojaa mchanga. Mwenyewe alitoka na michubuko tu, ila baiskeli iliangukia upande wa gia. Alipoinuka, gia ya nyuma, kile kifaa kinachosogeza cheni, haisogei. Ana Di2, mfumo wa gia za umeme wa Shimano wa Japani, wa gia 11 upande wa nyuma. Akaipeleka kwa fundi mmoja wa mjini anayejitangaza kuwa ndiye mtaalamu wa baiskeli za kisasa, na hukumu ikatoka hapo hapo: mota imeungua, lete hela tuagize gia ya nyuma kutoka Dubai. Dogo alikuwa ameshaanza kutafuta mteja wa laptop yake.

Wakuu, hakuna mota iliyoungua. Di2 imeundwa hivyo makusudi. Gia ya nyuma ikipigwa kwa nguvu inajiachia kutoka kwenye mota ili vyuma vya ndani visivunjike, na haifanyi kazi tena mpaka uirudishe. Kwenye mifumo ya gia 11 kuna kisanduku kidogo chenye kitufe, mara nyingi kiko chini ya shingo ya usukani au mwishoni mwa bomba la usukani. Unakibonyeza na kukishikilia mpaka taa nyekundu iwake, unaachia, unazungusha pedeli huku ukibadilisha gia. Basi. Tulifanya hivyo barazani kwao Temeke, mama yake akitutazama, gia ikapanda na kushuka kama kawaida. Hatukufungua hata skrubu moja. Sasa niambieni, huyo fundi hakujua, au alijua akaamua kula hela ya dogo? Kama hakujua, kwa nini anajiita mtaalamu? Kama alijua, huo ni wizi.

Kabla hamjaja na "mkuu unaogopa teknolojia", nieleweke. Gia za umeme ni nzuri, na nimeziendesha. Unagusa kitufe, mota inasogeza cheni kiasi kile kile kila safari, leo na mwezi ujao. Hakuna waya wa kulegea. Gia ya mbele inajirekebisha yenyewe cheni isiisugue, na inapanda hata ukiwa umekandamiza pedeli mlimani. Kwa ndugu zetu wa triathlon ndiyo kabisa, maana unaweka vitufe kwenye vishikio vya mbele na vingine kwenye mikono ya breki, unabadilisha gia popote mikono ilipo. Gia za waya haziwezi hilo. Anayeshindana kwa saa, achukue za umeme bila kujiuliza.

Lakini sisi wengine tunaendesha wapi? Masaki hadi Coco Beach, Daraja la Tanzanite, Barabara ya Bagamoyo mpaka Bunju, Kigamboni mpaka Kimbiji. Tambarare! Mpinzani wako ni upepo wa baharini. Milima utaifuata Pugu na Kisarawe. Ile sifa kubwa ya gia za umeme, gia ya mbele kupanda kwenye mzigo, mtu wa Mbezi Beach anaitumia mara ngapi kwa asubuhi moja? Anakaa kwenye meno makubwa ya mbele kutoka nyumbani mpaka anarudi, anachezea gia ya nyuma peke yake. Na kwenye gia ya nyuma, Dura-Ace R9100 ya waya, seti ya juu ya Shimano ya gia 11, iliyofungwa na mtu anayejua kazi haina tofauti ya kumfanya mtu akope.

Najua kampuni zenyewe ndizo zimetufikisha hapa. Mavic wa Ufaransa walijaribu umeme miaka ya 1990, kwa Zap na baadaye Mektronic, ikawashinda. Shimano wakaja na Dura-Ace Di2 ya kwanza sokoni mwaka 2009, nayo ikashika. SRAM wa Marekani wakaondoa nyaya kabisa kwa Red eTap mwaka 2015. Halafu mwaka 2021 Shimano wakatoa Dura-Ace R9200 na Ultegra R8100 (daraja linalofuata chini yake) za gia 12, na toleo la waya halipo. Anayetaka Dura-Ace mpya ya gia 12 hana chaguo, ni umeme tu. Hili linaniuma, nasema wazi. Seti ya gia unayoweza kuitengeneza mwenyewe kwa koleo na ufunguo wa L imeondolewa kwenye daraja la juu, wala hakuna aliyetuuliza sisi tunaoishi mbali na maduka yao.

Ila tazameni kilichofuata. Mwaka 2022 Shimano wakatoa 105 Di2, daraja lililo chini ya Ultegra, na 2023 wakatoa 105 R7100 ya gia 12 ya waya. Campagnolo wa Italia nao mwaka 2023 walitoa Super Record Wireless, wakaondoa hata kile kitufe cha dole gumba ambacho mashabiki wao wanakipenda kufa, na mwaka 2025 kwenye Super Record 13 wakakirudisha. Wenye viwanda wanapima na kurudi nyuma. Anayesema "za waya zimekufa" ni muuzaji wa hapa mwenye mzigo anaotaka uishe.

Sasa yale wasiyoyasema dukani.

Betri. Di2 ya gia 12 ina betri moja kubwa ndani ya bomba la kiti, na kila mkono wa breki, ambao ndio wenye vitufe vya gia, unatumia betri ndogo za CR1632. SRAM AXS, mfumo wao usio na nyaya, ina betri inayochomoka kwenye kila gia, mbele na nyuma, zinafanana, na mikononi ni CR2032. Kwa hali ya Dar nawapa SRAM alama hapa: ya nyuma ikikatika ukiwa Bunju, unachomoa ya mbele unaiweka nyuma, unafika nyumbani. Di2 betri ikikaribia kuisha, gia ya mbele ndiyo inayogoma kwanza, ya nyuma inaendelea kwa muda kisha inabaki ilipo. Hiyo ni taarifa nzuri ukiijua mapema. Ukiwa hujui, utadhani gia imekufa na utaangukia kwa fundi yule yule wa Dubai. CR2032 unaipata kwa fundi saa yeyote, lakini CR1632 itabidi uwaulize wanaotengeneza funguo za magari. Na kuchaji Di2 ya gia 12 kunahitaji waya wake maalumu unaochomekwa kwenye gia ya nyuma, waya wa simu hauingii. Kumuuzia mtu baiskeli mtumba bila waya huo ni kumuuzia pambo.

Di2 ya gia 11 nayo, kama haijafungwa kifaa cha mawimbi, haiongei na simu yako hata uhangaike vipi. Inataka chaja yake na kompyuta. Hili ni muhimu kwa sababu mifumo hii inahitaji masasisho. Mwaka 2024 watafiti wa Marekani walionyesha kwamba mawimbi ya Di2 ya gia 12 yanaweza kunaswa na kurudiwa, mtu aliye kando akakubadilishia gia. Shimano wakatoa sasisho. Muuzaji gani hapa mjini amewahi kukuambia kama baiskeli unayonunua imeshasasishwa?

Frihabu ndiyo inayoua watu kimyakimya. Kaseti za SRAM AXS ambazo gia yake ndogo kabisa ina meno 10 zinataka frihabu ya aina ya XDR. Magurudumu mengi ya mtumba yaliyopo mjini ni ya mfumo wa Shimano wa gia 11, HG. Kaseti ya Ultegra au 105 ya gia 12 inakaa humo bila shida, ya SRAM hiyo haikai. Kwa hiyo "ofa" ya seti ya SRAM inazaa gharama ya frihabu, na kama gurudumu lako halina frihabu ya kubadilisha, gurudumu zima. Muuzaji anajua, lakini anasubiri urudi.

Na za waya nazo tusizitakase. Mikono ya Shimano ya gia 11, R8000, R9100 na ya kabla yake, inakunja waya kwenye kona kali ndani ya mkono wa breki. Nyuzi zinakatika moja moja, gia inaanza kusitasita, halafu waya unakatika wote na kichwa kinabaki ndani. Dawa yake ni kubadilisha waya mapema, usisubiri ukatike. Kwa chumvi ya bahari na vumbi la ujenzi wa mwendokasi Barabara ya Bagamoyo, fanya hivyo mara nyingi zaidi kuliko wazungu wanavyoandika, na badilisha na kava lake. Waya ni wa elfu chache.

Tatizo kubwa la waya liko kwenye fremu mpya. Siku hizi nyaya zote zinapitishwa ndani ya usukani na kichwa cha fremu ili baiskeli ionekane safi. Waya wa gia ukipinda hivyo unasugua, gia inakuwa nzito, na kuubadilisha ni kufumua usukani mzima pamoja na bomba la breki. Kwa fremu ya namna hiyo ni kweli umeme ndiyo unaofaa. Lakini tusidanganyane chanzo, fremu ndiyo imeua waya. Tafuta fremu ambayo waya unaingilia kwenye bomba la chini, waya utakutumikia vizuri. Na hanga, kile kipande cha chuma kinachoshikilia gia ya nyuma kwenye fremu, ikipinda, iwe umeme au waya, gia itaruka tu. Mota hainyooshi chuma.

Tangu mashindano ya dunia ya baiskeli ya Kigali, Septemba 2025, presha imezidi. Watu wameona kwa macho yao, hapa jirani, Pogačar wa Slovenia akishinda, na sasa kila mtu anataka anachotumia Pogačar. Haki yao kutamani. Lakini yule ana fundi kwenye gari nyuma yake mwenye baiskeli ya akiba iliyochajiwa. Wewe ukikwama Kimbiji una bodaboda na bando la simu.

Ninachodai kwa wauzaji ni kidogo sana. Tangazo la baiskeli ya umeme liseme mfumo ni upi na ni wa gia ngapi, chaja ipo au haipo, frihabu ni ya aina gani, na betri ya ndani ina umri gani. Mteja aioneshwe ikichajiwa mbele yake na gia zikipanda na kushuka zote. Asiyeweza hayo asituambie za waya zimepitwa. Na mafundi, jamani, kitabu cha maelekezo cha Shimano kinapatikana bure mtandaoni, kisomeni kabla ya kumwambia mtoto wa watu aagize gia Dubai.

Mimi binafsi natafuta mikono ya R9100 ya waya, ya breki za diski, isiyo na mpasuko. Mwenye nayo aje PM, na kama waya umekatikia ndani aseme tu, nitautoa mwenyewe.