Jibu: Marando ya matembele yaliyoozea kabatini

Ndugu wanajumuiya, salaam.

Dada wa Hamburg, Ujerumani, ametueleza kwamba aliyalaza marando ya matembele (mashina ya kiazi kitamu) kabatini, karibu na kipasha joto, kwa wiki mbili, kisha akayapanda kwenye kopo dirishani mwezi wa Desemba, na yote yakaoza. Alikumbuka kwamba nyumbani wazee huyalaza marando kivulini kabla ya kuyapanda, na hilo ni kweli. Ila wao huyalaza siku moja hadi tatu tu, yakiwa yamepunguzwa majani na kufunikwa gunia lenye unyevu, na siku ya kupandwa huwa yameshaanza kutoa vijizizi kwenye vifundo.

Faida ya giza imepimwa. Mwaka 2010 watafiti wa Ujerumani walichapisha jaribio la vipandikizi (vipande vya shina vya kupanda) vya petunia, ua la bustani, vilivyowekwa gizani siku 7, katika nyuzi 10 za Selsiasi, kabla ya kupandwa. Vilivyopandwa papo hapo vilipewa siku 16 za kuota mizizi. Vilivyotoka gizani vilipewa 9 tu, na bado vikawa na mizizi mingi na mirefu zaidi. (Ukijumlisha, siku ni zilezile 16.) Seli za kuanzisha mizizi zilikuwa zimeshaanza kujiunda humo gizani, ingawa sukari na wanga katika majani na kwenye kitako cha shina vilikuwa vimeshuka sana, kwa sababu mmea gizani hupumua na kuteketeza akiba yake bila kutengeneza chakula kipya. Kipandikizi kilipotolewa kwenye mwanga, ndani ya saa 6 tu sukari ya majani ilikuwa imerudi, na sukrosi (aina mojawapo ya sukari) ilikuwa imeongezeka kule kitakoni, mahali ambapo mizizi inayoanza huivuta kwa nguvu.

Kwa hiyo, dada, kabati lilikudhuru kwa joto na kwa urefu wa muda, lakini dirisha ndilo lililomaliza kazi. Petunia zile zilirudishwa kwenye mwanga wa kutosha. Marando yako yalitoka gizani yakaingia katika mchana wa Hamburg ambao urefu wake haufiki saa 8, tena wa mawingu, yakakosa cha kujazia akiba iliyokwisha.

Mimi huyalaza siku mbili tu, mbali na kipasha joto, wala siyatii kwenye jokofu, kwa kuwa kiazi kitamu huumizwa na baridi kali. Huyakata jioni, jani likiwa limekusanya wanga mchana kutwa. Huacha majani mawili au matatu ya kileleni, kisha huwasha taa ya mimea saa 14 kwa siku.

---

Shikamoo kaka, na ahsante. Je, nikilifunika kopo lote kwa mfuko mweusi hadi mizizi itoke, si nitapata giza na unyevu kwa pamoja?

---

Marahaba. Hapana, funika kopo pekee, kwa karatasi ya aluminiamu, ili kitako cha shina kikae gizani na maji yasiote ukijani. Majani yabaki chini ya taa, kwa sababu hayo ndiyo yanayoilisha mizizi hiyo.