Tupeane uzoefu: bosi aliyekuua moyo kazini, au aliyekuinua

Binti_Bombo: Leo hapa Ntinda, Kampala, nimemsikia meneja akimfokea msichana wa mapokezi mbele ya wateja, yangu yote yakanirudia. Nyie mlioajiriwa, bosi wenu aliwafanyaje? Semeni.

Fundi_Namanve: Nilikuwa kiwanda fulani Namanve, upande wa kupakia. Malori yalisubiri hadi jioni kwa sababu maboksi yanayotoka kwanza yalipangwa nyuma kabisa. Nikachora kwenye kipande cha katoni namna ya kuyapanga upya, nikampelekea meneja. Akakiinua juu mbele ya zamu nzima: "Mwoneni injinia wetu!" Watu wakacheka, nikatamani ardhi ipasuke. Baadaye wakurugenzi walipokuja, akawaonyesha mpango uleule, eti aliuwaza usiku. Nimesimama palepale, toroli mkononi! Tangu siku hiyo zamu yetu ilifunga mdomo. Mashine ya kubandika ilipoanza kukoroma sote tuliisikia, hakuna aliyesema. Ikafa katikati ya oda kubwa, tukafokewa wote.

Mama_Malaba: Pole mwanangu. Yamenikuta hayo.

Mzee_Jinja: Mashine inakoroma mnanyamaza? Hapo nakukatalia. Kiwanda si cha meneja.

Fundi_Namanve: Shikamoo mzee. Wewe ungesema, uchekwe tena?

Mzee_Jinja: Marahaba. Ningesema. Mshahara nani anakulipa?

Mama_Malaba: Mzee, aliyeumwa na nyoka akiona ung'ongo hushtuka. Mlaumu aliyewanyamazisha.

Kaka_Arua: Mimi nilipata madamu mzuri, hoteli moja. Kila asubuhi anapita jikoni: "Jana nini kilikukwamisha?" Mwosha vyombo akamwambia posho, yaani ugali, inarudi kwenye sahani, matoke hayarudi hata kidogo. Madamu akabadilisha vipimo siku ileile, na kwenye kikao akamtaja kijana kwa jina. Baada ya hapo hadi askari wa geti alikuwa na mawazo, na mazuri! Mshahara haukuongezwa hata shilingi.

Binti_Bombo: Kumtaja kwa jina tu. Mameneja wanashindwa nini?

Wakili_Mtaani: Fundi, wazo liandike, tuma kwa barua pepe, nakala kwa mtu wa pili. Na bosi akitaka kukufukuza kwa kosa, Sheria ya Ajira ya Uganda ya 2006 inamtaka akusikilize kwanza, na una haki ya kuwa na mtu wako pale. Akikiuka, peleka malalamiko kwa afisa wa kazi ndani ya miezi 3.

Boda_Kireka: Ukimshtaki bosi utakula nini? Nyamaza, weka akiba, nunua pikipiki.

Kaka_Arua: Mwenye pikipiki naye anafoka, tena asubuhi na jioni 😂

Mama_Malaba: Fundi, sasa uko wapi?

Fundi_Namanve: Kiwanda kingine, hukuhuku. Msimamizi mpya aliniuliza kama nina wazo lolote. Nikamwambia sina. Ninalo.

Mzee_Jinja: Mwambie, kijana. Ila andika, kama alivyosema Wakili.