Naomba ushauri: sauti za waigizaji wangu zinafanana

Wakuu, habari za jioni. Tuko watano hapa Mbagala, tunarekodi mchezo wa kuigiza wa kusikiliza, vipande vya dakika 12. Studio ni chumba changu: magodoro ukutani, mwigizaji kafunikwa blanketi, jasho linamtoka. Mvua ikigonga bati tunaacha, tunachemsha chai.

Milio siyo shida. Moto unaowaka ni pakiti ya krispi inayofinywa karibu na maiki, nyayo ni kokoto kwenye beseni. Shida ni mama mkwe na mkwewe: msikilizaji hajui nani kasema nini. Nilimpa mama kikohozi, sasa watu wanauliza kama ana TB.

Waliosikiliza Twende na Wakati ya Radio Tanzania miaka ya 1990 mnamkumbuka Mkwaju, yule dereva wa lori. Akifungua mdomo tu, unamjua. Walifanyaje?

Nibadilishe mwigizaji, au niandike upya maneno yao? Msimulizi sitaki, ananiharibia ugomvi. Halafu anayeigiza mkwe ni dada yangu wa damu. Kumtoa ni vita nyumbani. Kipande cha nne tunarekodi Jumamosi.